Namba ya Bure kwa Wasiosikia

Dada yangu hasikii. Alipata homa ya uti wa mgongo kabla hajaanza kutembea, akapona, lakini masikio hayakurudi. Mimi nilizaliwa baada yake, na pale nyumbani Mukuju, upande wa Uganda, nilijifunza kuongea kwa mikono wakati uleule nilipokuwa najifunza Kiteso kwa mdomo. Sikuwahi kudhani ni kazi. Nilianza kuchoka nilipokuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi huko Buteba, na hata hapo aliyenichosha hakuwa dada. Walionichosha ni watu wanaosikia.

Ninayotaka kuyasimulia yalianza dada akiwa na mimba ya pili. Yeye ni fundi cherehani. Ana chumba chake kidogo karibu na soko la Mukuju, anashona magomesi, yale magauni marefu ya kina mama, na sare za shule, na wateja wake wamezoea kumwelekeza kwa vidole na kwa kuchora chini. Mimba ya kwanza ilimletea presha, kwa hiyo safari hii aliambiwa asikose kliniki. Hakukosa. Siku moja alifika kituo cha afya asubuhi na mapema, akatoa kitabu chake, akaketi kwenye benchi. Wanawake waliokuja nyuma yake wakaingia na kutoka. Benchi likapungua watu hadi likabaki na yeye peke yake. Nesi akafunga chumba akaenda zake, na dada akarudi nyumbani bila kupimwa.

Nilipomtembelea Jumamosi aliniambia kwa alama chache tu, huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani: "Waliniruka. Tena."

Siku ya kliniki iliyofuata niliomba ruhusa shuleni nikaenda naye. Mapokezi alikuwapo mwanamke mnene, mpole wa sura, aliyekuwa akipanga vitabu.

"Huyu tuliita," akaniambia. "Tuliita jina yake, akanyamaza. Tukaita tena. Mtu akinyamaza, kitabu yake naweka chini."

"Hasikii," nikasema.

"Sasa kama hasikii, mbona hakusema?"

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alikuwa anangoja jibu.

Wakati huo dada alikuwa ndani ya kundi moja la mtandaoni la viziwi wa mpakani. Lilianzishwa na fundi wa kuchomelea vyuma wa Busia ya upande wa Kenya, na ndani yake walikuwamo watu wa Busia zote mbili, wa Tororo, hata mama mmoja anayepika kwenye kantini kule Busitema. Walikuwa wakitumiana video za mikono: nani kaoa, nani anauza mbuzi, mahubiri gani yana mkalimani. Alama za Kenya na za Uganda hazilingani, kwa hiyo nusu ya mazungumzo ilikuwa ubishi juu ya nini maana ya nini, na watu walichekana sana. Dada aliniingiza humo ili niwasaidie kusoma matangazo marefu ya Kiingereza. Wakanipa jina la alama: vidole viwili vinavyosugua hewa, kama mtu anayeshika chaki.

Muda si mrefu, mradi mmoja wa afya ukatuomba nafasi ndani ya kundi. Ulikuwa mradi wa kuboresha kliniki za kina mama pande zote mbili za mpaka, na walisema wanataka kupanga huduma pamoja na watumiaji wenyewe, kupitia jamii zao za mtandaoni. Afisa wao alikuwa mwanamume wa makamo, Mkenya, mwenye adabu sana. Alinipigia simu kwanza.

"Mwalimu, hatutaki kukaa ofisini tukiwaamulia watu," alisema. "Tunataka wao ndio watuambie."

Nilifurahi, kusema kweli. Nilimweleza fundi, fundi akawaeleza wenzake, wakakubali. Afisa akaingizwa kundini. Na ujumbe wake wa kwanza ukawa wa sauti.

Ulikuwa mrefu. Kundi zima likautazama. Kisha fundi akatuma video yake akiwa na miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, akiuliza, "Mgeni wetu anasemaje?" Mama wa Busitema akajibu kwamba amejaribu kuuweka kifuani ausikie unavyotetemeka. Walicheka siku nzima. Mimi nikausikiliza katika chumba cha walimu, nikajirekodi nikitafsiri, huku watoto wa darasa la nne wakinichungulia dirishani na kuigiza mikono yangu.

"Samahani sana, Mwalimu," afisa aliniambia nilipompigia. "Ni mazoea tu. Makundi mengine yanapenda sauti."

Nikamsamehe. Baada ya hapo akaleta fomu ya Kiingereza iliyojaa maneno ambayo mimi mwenyewe niliyatafuta kwenye kamusi. Nikamweleza kwamba wengi kundini waliacha shule mapema, na hata waliosoma, Kiingereza cha kuandika kwao ni lugha ya kujifunza kama nyingine. Akashukuru. Akaleta kura: Mngependa kuta za kliniki ziwe rangi gani? Mngependa viti au mabenchi? Watu wakapiga kura, kwa sababu kupiga kura ni rahisi na rangi ni jambo la kupendeza. Buluu ikashinda. Dada alipiga kura ya buluu.

"Lakini mbona hatuulizi kinachotusumbua?" aliniuliza. Tulikuwa dukani kwake, nikimkatia nyuzi. Tumbo lilikuwa limeanza kumzuia kukaa karibu na mashine.

Nikampigia afisa palepale. "Uliza swali moja tu," nikamwambia. "Uliza, mkifika kituoni, nini kinawakwamisha? Liandike fupi, kwa Kiswahili, halafu unyamaze."

Akafanya hivyo, na hiyo naihesabu kuwa sifa yake. Video zikaanza kuingia. Mzee mmoja anayeuza samaki alionyesha jinsi anavyosimama kila mtu mwingine anaposimama, akijaribu bahati, hadi watu wakamdhania ana wazimu. Mama mmoja wa upande wa Kenya alieleza kwamba huenda na jirani yake amsikilizie jina, na jirani huyo, wakirudi, humtangazia ugonjwa wake mtaa mzima. Msichana mmoja alisema aliacha kwenda kabisa. Wote, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wanasema jambo lilelile: zamu inaitwa kwa mdomo.

Na dawa yake waliitaja wenyewe bila kuulizwa. Mtu apewe namba akifika, na zamu yake ikifika, nesi aishike juu namba hiyo ionekane. Basi. Fundi wa vyuma alimalizia hivi: "Kanisani namba za nyimbo huandikwa ubaoni, na mimi hufungua kitabu pamoja na wenye masikio. Kliniki inashindwa nini?"

Nilizitafsiri video zote hizo kwa maandishi, moja baada ya nyingine, na siku ngapi zangu za mapumziko ziliishia humo sitaki kukumbuka. Afisa akajibu, "Hii ni nzuri mno. Hii ndiyo sauti ya jamii tuliyokuwa tukiitafuta."

Kisha akaja mwenyewe hadi Mukuju. Dada alimkaribisha kiti, kisha akaniambia nimwambie ageukie ukuta. Akageuka. Dada akasimama nyuma yake, akamwita kwa mikono. Akamwita tena. Akachukua daftari la vipimo vya wateja, akaigiza kufuta jina, akamgonga nalo begani. Afisa alipogeuka, dada alikuwa ameshaketi kwenye mashine anashona, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Amekuita, hukuitikia," nikamweleza. "Sasa nenda nyumbani."

Alicheka, halafu kicheko kikakatika.

"Nimeelewa," alisema. "Mwambie nimeelewa kabisa."

Nilimwamini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeelewa, na hadi leo nadhani alielewa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Wiki zikapita kundini bila neno kutoka kwake. Watu waliuliza, mimi nikauliza, tukajibiwa kwamba maoni yetu yanachakatwa. Tumbo la dada likazidi kukua na miguu ikaanza kuvimba. Nilikuwa naomba ruhusa shuleni kila siku ya kliniki ili nikae naye kwenye benchi nimsikilizie jina lake, hadi mwalimu mkuu akaniuliza kama nimeajiriwa hapa au kule.

Halafu tukaalikwa uzinduzi. Kulikuwa na mahema, viti vya plastiki, kwaya ya kina mama, fulana, wageni kutoka wilayani na wengine kutoka ng'ambo ya mpaka. Kuta za kliniki zilikuwa za buluu. Rangi tulipata, siwezi kusema hatukupata kitu. Na juu ya ukuta huo wa buluu, kando ya mlango wa kliniki, palikuwa na mchoro mkubwa wa mama mjamzito anayetabasamu, simu imebanwa sikioni, na chini yake maandishi: UNA SWALI? PIGA BURE.

Dada aliusoma. Akanigeukia, akanitazama usoni aone kama nimeona alichokiona yeye.

Nilimtafuta afisa nyuma ya hema. "Hii ni nini?"

"Ni namba ya bure, Mwalimu. Mama akiwa na tatizo anapiga, anazungumza na nesi."

"Wangu hawasikii."

"Najua. Lakini hatukuwa na kundi lenu peke yake. Makundi mengine ya kina mama yaliomba simu, na mpango mzima ulikuwa umeshapitishwa. Ninyi mmewekwa awamu ya pili." Alishusha sauti. "Niliwasemea. Naapa niliwasemea."

"Kadi za namba zinahitaji awamu?"

Aliniomba jambo jingine. Ratiba ilionyesha kwamba mwakilishi wa jamii ya viziwi atatoa shukrani, na walitaka awe dada.

Dada alipanda jukwaani taratibu, mkono mmoja kiunoni. Mimi nikashika kipaza sauti. Alisema kwa mikono, nami nikasema kwa mdomo, neno kwa neno:

"Nashukuru kwa rangi. Tuliichagua sisi na ni nzuri. Namba ya simu sikuiomba. Mimi ni kiziwi, nikipiga nitasikia nini? Niliomba namba ya karatasi, mtu aishike juu niione. Presha yangu iko juu, na kuna siku nilirudi nyumbani bila kupimwa kwa sababu mliniita kwa mdomo. Ile namba ya karatasi bado naiomba. Ni hayo tu."

Mtu fulani mstari wa mbele, ambaye nafikiri alikuwa ameona mtandaoni jinsi viziwi wanavyopiga makofi, akainua mikono juu akaipungapunga. Jirani yake akamwiga. Hema zima likainua mikono, wageni wakitabasamu, wapiga picha wakikimbia mbele kupata picha nzuri ya ile mikono. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwangu.

"Mmeona furaha ya mama yetu!" akasema. "Kwaya, tafadhali!"

Dada alinishika kiwiko. "Wamekubali?"

"Wamepunga tu," nikamwambia.

Nilitaka tuondoke, lakini yeye alikuwa na njaa na alitaka pilau. Tulipokuwa tunakula, nesi wa kliniki alikuja na soda yake mkononi, akaburuta kiti.

"Madamu, naomba kuuliza. Yale maneno, ni kweli? Tukiita, hajui kabisa?"

"Kabisa."

"Mimi nilidhani mtu kama huyo anakujanga na mtu wake. Mbona mbele ya haya yote hamkuja kwangu? Hakuna mtu aliniambia, hata huyo wa mapokezi. Wale wa mradi walikuja, wakapima ukuta, wakaenda."

Niliweka kijiko sahanini. Video zote zile, tafsiri zote zile, ziara ya Mukuju, zilikwenda hadi ofisi ambayo siijui ilipo, na hakuna aliyevuka ua kumweleza mtu anayeita majina. Na mimi pia, kwa kuwa niliambiwa kwamba njia ni kundi, nilikaa kwenye benchi lake mwezi baada ya mwezi nikiangalia simu.

Siku ya kliniki iliyofuata tulikuta amekata maboksi ya dawa na kuandika namba kwa kalamu nzito, kubwa kama za jezi. Ukifika unapewa kipande chenye namba yako. Zamu yako ikifika, anatoka mlangoni na kushika juu kipande kingine chenye namba hiyohiyo. Hata wenye masikio walifurahi, maana mvua ikipiga mabati pale hakuna anayesikia chochote. Dada aliingia zamu yake, akapimwa, na presha ilikuwa juu kiasi kwamba nesi hakumruhusu kurudi nyumbani. Alipelekwa hospitali Tororo mchana huohuo. Kule hakukuwa na kadi, kwa hiyo nilikuwa naye, na mtoto akatolewa kwa upasuaji. Msichana. Ana masikio makali. Mlango ukigongwa tu anashtuka.

Ningependa kuishia hapo. Dada alipompeleka mtoto chanjo ya mwisho ya miezi ile ya kwanza, peke yake, akiwa na uhakika wa zamu yake, aliketi tena hadi benchi likaisha watu. Yule nesi alikuwa amehamishwa. Nilikwenda kumwona aliyekuja mahali pake.

"Hizo makaratasi?" alisema. "Nilikuta zimechakaa, panya amekula. Nikatupa."

"Zilikuwa za kuita watu wasiosikia."

"Hakuna mtu aliniachia maagizo, madamu. Mimi nafuata maagizo."

Nikamwandikia afisa. Akajibu kwa upole wake uleule kwamba mradi sasa umefika hatua ya kuandika ripoti, na kwamba atalitaja suala hilo kama changamoto. Nikasoma neno hilo, changamoto, nikaweka simu kifudifudi juu ya meza.

Kundini palichafuka. Mama wa Busitema alisema tusimjibu tena mtu yeyote wa mradi. Mzee wa samaki alinilaumu mimi, kwamba niliwaahidi. Sikuwa nimewaahidi, lakini mtu anayetafsiri ahadi huonekana ndiye aliyeitoa, na nilishindwa kumkasirikia. Fundi wa vyuma aliniambia kwamba kule kwao ameacha kungoja awamu. Amechomelea kijibao cha chuma chenye namba za kubadilisha, amekipeleka mwenyewe kwenye dispensari yao, na amekifunga kwa skrubu ukutani ili anayehamishwa asikitupe.

Dada yeye alishona. Alitumia mabaki ya sare za shule, vitambaa vizito, akabandika namba nyeupe juu yake. Tulimpelekea nesi mpya, akavipokea, akausifu ushonaji wake. Anavitumia siku nyingine. Siku nyingine, kukiwa na watu wengi au akiwa amechoka, anatoka mlangoni na kupaza sauti, na dada inambidi asimame, aende hadi mezani, akanyooshe kidole kwenye vile vitambaa. Anasema hajali. Mimi najali.

Juzi afisa aliniandikia. Ripoti imekamilika, na wangependa kuweka ndani yake habari ya dada kama mfano wa jinsi jamii za mtandaoni zinavyoweza kupanga huduma. Waliomba picha yake na mtoto mbele ya ukuta wa buluu na maneno machache ya kuridhika.

Nilimwonyesha dada. Alimkabidhi mama mkwe wake mtoto, akasimamisha simu juu ya cherehani, akajirekodi kwa muda mrefu, mikono ikiruka, uso umekunjamana. Akaituma moja kwa moja kundini, mbele ya watu wote. Fundi akaijibu kwa mikono iliyoinuliwa, ya kweli.

Hazikupita dakika nyingi, afisa akaniandikia pembeni. "Mwalimu, asante sana kwa video. Unaweza kunitafsiria anachosema?"

Nilikuwa na madaftari ya darasa la nne mbele yangu, hayajasahihishwa. Kila neno la video ile nililijua. Niliandika, "Tafuteni mkalimani, mumlipe, mje naye Mukuju mmuulize mwenyewe," nikatuma, nikafungua daftari la kwanza.